Sura ya Tano: Nyumba ya Tippu Tip na Waliolipia Mawe Yake

Mbona nyumba ya tajiri mkubwa namna ile imechakaa hivi? Na siku hizi anakaa nani? Maswali haya hayaishi Shangani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyuma ya hoteli ya Africa House, kwenye mlango mkubwa wa kuchongwa wenye ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Hapo ndipo alipokaa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip. Watu wakishaambiwa kwamba ndani wanaishi familia kadhaa za watu wa kawaida, huja swali la tatu, nalo ndilo zito: kwa nini tuhangaike kuitunza nyumba ya mtu aliyetajirika kwa pembe za ndovu na watumwa?

Nitayajibu yote matatu, ila si kwa kuutazama mlango peke yake. Nyumba ya tajiri wa pwani ilijengwa kwa mawe ya pwani na fedha za bara. Anayetaka kuijua historia yake hana budi kuondoka Unguja, avuke mpaka Bagamoyo, apite Tabora na Ujiji hadi Maniema, ndani kabisa ya Kongo, kisha arudi.

Mawe, chokaa na boriti

Nyumba nyingi za matajiri wa Mji Mkongwe ni za karne ya 19, baada ya Sultani Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Zilijengwa kwa vitu ambavyo visiwa na mwambao wenyewe vilikuwa navyo. Mawe yalikuwa ya matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na viumbe vya baharini na kugandamana kwa maelfu ya miaka. Yalichimbwa papo hapo kisiwani. Chokaa ilitokana na mawe hayohayo. Vipande vilipangwa juu ya magogo, moto ukawashwa na kuachwa uwake mpaka jiwe ligeuke jeupe na jepesi. Jiwe hilo likimwagiwa maji hufuka moshi, huchemka lenyewe, hupasuka, mwisho likawa unga. Unga huo ukichanganywa na mchanga na udongo mwekundu ulishikanisha kuta zenye unene wa nusu mita na zaidi. Ukilainishwa, ukawa lipu ya kupakia ukutani.

Dari ilibebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko yaliyokatwa kwenye delta ya Rufiji na mikoko mingine ya mwambao. Hapa panaeleza mengi kuhusu nyumba hizi. Boriti ya kubeba dari ya mawe ina urefu wa kama mita tatu hivi, basi na vyumba vikawa hivyo, virefu na vyembamba. Kwa muda mrefu fedha ziliweza kumpatia mtu vyumba vingi zaidi, ghorofa zaidi na mlango mzuri zaidi. Chumba kipana hazikuweza kukinunua.

Ndiyo maana utajiri ulikimbilia mlangoni. Mlango ndio ulioonekana na kila mpita njia, hata yule asiyekaribishwa ndani. Sehemu zake ni hizi:

- Miimo, yaani nguzo mbili za pembeni, ambazo huchongwa kuanzia chini kabisa.
- Kizingiti cha juu, ambacho mara nyingi hubeba maandishi ya Kiarabu, maua au tarehe. Vya zamani ni vya mstari ulionyooka, vya baadaye vingi vina upinde, kwa athari ya mafundi na wateja wa Kihindi.
- Mfaa, yaani ubao wima wa katikati unaoziba mwanya mbao mbili za mlango zinapokutana.
- Misumari mikubwa ya shaba yenye ncha, kwenye baadhi ya milango.

Kuna maelezo yanayopendwa sana na wanaowatembeza wageni, kwamba nakshi ya mnyororo iliyochongwa kwenye miimo ni alama ya mfanyabiashara wa watumwa. Siyakubali. Nakshi ile imeenea kwenye milango mingi ya mji, na aghalabu hufasiriwa kuwa ni ulinzi wa nyumba. Ushahidi wa utumwa upo, umeandikwa na watu walioushuhudia na hata na wenye biashara wenyewe. Hatuna haja ya kuubahatisha kwenye mbao.

Mtoto wa Unguja, mali ya Unyamwezi

Hamed alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Wengi humwita Mwarabu na kuishia hapo, lakini ukoo wake ulikuwa wa pwani kama koo nyingi za pwani: upande mmoja Oman, upande mwingine Afrika, kwani mmoja wa mababu zake wa kike alitoka Mbwamaji, kijiji cha kusini mwa Dar es Salaam ya leo. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyeweka makao Unyanyembe, karibu na Tabora, akaoa katika nyumba ya mtemi Fundikira. Ndoa ile ilimpa nguvu. Mfanyabiashara aliyekuwa mkwe wa mtemi alipita ambapo mwingine alitozwa, na alipata wapagazi ambapo mwingine aliambiwa hakuna.

Kijana akaanza kusafiri na baba yake, kisha akaenda peke yake. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa aliyeogopwa na wafanyabiashara wote wa njia ile, akamshinda na kuchukua shehena kubwa ya pembe. Bunduki chache dhidi ya mishale mingi ziliamua vita ile. Kuanzia hapo jina lake likatangulia mbele ya msafara.

Mwaka huohuo alikutana na David Livingstone, akamsaidia. Baadaye walimpitia Verney Lovett Cameron na Henry Morton Stanley. Wazungu hawa ambao vitabu vyetu vya shule vilizoea kuwaita wavumbuzi walitembea katika njia ambazo misafara ya Unguja na Unyamwezi ilikuwa imekwisha kuzichonga, wakiongozwa na watu waliozijua.

Fedha zilitoka wapi?

Hapa pana jambo ambalo mlango hauonyeshi kabisa. Tajiri wa misafara aliondoka Unguja akiwa na deni.

Mtindo uliitwa mali kauli: mtu hupewa bidhaa kwa ahadi, bila kulipa taslimu, naye huahidi kurudisha thamani yake kwa pembe pamoja na faida ya mkopeshaji. Wakopeshaji wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Unguja. Kwa Tippu Tip aliyesimama nyuma alikuwa Tharia Topan, Mwismailia kutoka Kachi, ambaye kwa muda alishika pia forodha ya Sultani, yaani ofisi ya kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka bandarini.

Bidhaa za kwenda bara zilikuwa za kubebeka: nguo za merikani, ambazo ni pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Marekani, shanga, kila nchi ikiwa na rangi yake inayoitaka mwaka ule, waya za shaba, bunduki na baruti. Mfanyabiashara aliyepeleka shanga nyekundu mahali walipozoea za buluu aliweza kufilisika kwa kosa hilo moja.

Zikarudi pembe. Tuifuate moja. Imenunuliwa au kunyang'anywa Maniema, ikafungwa kwa kamba na kuwekwa begani kwa mpagazi. Kubwa zilizidi kilo 30. Imefika ziwani, ikavushwa Tanganyika kwa mtumbwi hadi Ujiji. Kutoka hapo hadi pwani ni karibu kilomita 1,200 za miguu, na mapumziko marefu Tabora, ambako wapagazi walibadilishwa. Bagamoyo ikaingia jahazini. Unguja ikapimwa kwa frasila, kipimo cha kama kilo 16, ikatozwa ushuru, ikauzwa. Nyingi zilikwenda Bombay, London na Marekani. Katika jimbo la Connecticut palikuwa na miji ya viwanda iliyoishi kwa pembe za Unguja, ikizipasua kuwa vichana na vibao vyeupe vya kubonyeza kwenye piano.

Kwa ufupi, kabla ya tajiri kununua jiwe la kwanza, pembe ile ilikuwa imekwisha kulipa mkopeshaji, forodha, mtemi wa njiani na mwenye jahazi. Aliyeibeba, kama alikuwa mpagazi huru wa Kinyamwezi, alilipwa kwa mikono ya nguo. Kama alikuwa mtumwa, hakulipwa kitu.

Mkamba na Utetela

Tunayajua mengi haya kwa sababu Tippu Tip aliyasimulia mwenyewe. Uzeeni aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza za Kiswahili. Tawasifu ni maelezo ya mtu kuhusu maisha yake mwenyewe. Ni kitabu cha mtu asiyejionea haya, na kwa hiyo ni shahidi mzuri.

Anasimulia, kwa mfano, jinsi alivyoajiri mamia ya wapagazi wa Kizaramo upande wa Mkamba, wakapokea malipo, kisha wakatoroka. Hakusubiri. Alirudi vijijini mwao, akakamata mamia ya watu, akawatia minyororoni na kuwatwika mizigo. Watu wa huko wakampa jina la Kingugwa. Mkamba iko karibu sana na pwani. Ukatili wa misafara tumezoea kuuweka mbali, huko Kongo, wakati ulianzia hapa, siku chache tu kutoka forodhani.

Kisa cha pili ndicho kinachonishika zaidi kila ninapokisoma. Katika nchi ya Utetela, Kongo, alikuwapo mtemi mzee, Kasongo Rushie. Zamani dada zake wawili walitekwa na kuchukuliwa, wasionekane tena. Tippu Tip aliisikia habari hiyo njiani, akauliza majina na kila kitu, kisha akafika kwa mzee na kudai kwamba mmoja wa dada wale ndiye aliyemzaa mama wa ukoo wake, na kwamba yeye ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee akaamini. Akamkabidhi utemi, na pamoja na utemi pembe zote za nchi.

Katika masimulizi yake anakieleza kisa hiki kama ushindi wa akili, na ni kweli hakikumwaga damu siku ile. Lakini tazama kilichouzwa hapo. Familia ilipoteza wasichana wawili kwa watekaji, ikawaomboleza maisha yote, na huzuni ile ndiyo iliyotumiwa kuifungua ghala ya pembe. Dada zake Kasongo Rushie wanahesabika miongoni mwa waliolipia nyumba za Shangani, sawasawa na wapagazi wa Mkamba.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba alikuwa mtu wa pembe zaidi kuliko mtu wa watumwa. Ni kweli pembe ndizo zilizompa utajiri. Ila pembe zilifika kwa mabega ya watu, vituo vyake vya Maniema vililimwa na watu waliotekwa, na vijiji vilivyokataa kuuza vilichomwa. Biashara hizi mbili zilikuwa msafara mmoja. Mwaka 1871 Livingstone alishuhudia sokoni Nyangwe, mtoni Lualaba, watu wenye bunduki wakiwafyatulia wauzaji na wanunuzi, wengi wao wanawake, na mamia wakafa. Wale hawakuwa watu wa Tippu Tip. Walikuwa wenzake katika biashara ileile.

Misafara hiyohiyo ndiyo iliyokifikisha Kiswahili Maniema na Kisangani. Leo mamilioni ya Wakongo wanakisema kama lugha yao, na wamekifanya kuwa chao kweli, kwa nyimbo, siasa na mapenzi. Urithi huu nao ulipita njia ileile ya minyororo, na Mkongo anayekuja Zanzibar na kusimama Shangani ana haki ya kuelezwa hivyo bila kupakwa sukari.

Tajiri asiyekaa kwake

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: kwa sehemu kubwa ya maisha yake Tippu Tip hakuwapo Unguja. Safari yake ndefu kuliko zote ilianza karibu mwaka 1870, naye akarudi 1882. Miaka kumi na miwili bara! Pembe zilitangulia kwa mafungu, na wakopeshaji wakasubiri. Akaondoka tena muda mfupi baadaye.

Mwaka 1887 Stanley alimfuata Unguja na ombi la Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeitaka Kongo iwe mali yake binafsi. Tippu Tip akakubali kuwa gavana wa Stanley Falls, eneo la Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyetawala nchi kubwa kuliko nchi nyingi za Ulaya alikubali mshahara wa karani mwenye cheo. Naamini aliusoma upepo: Wajerumani walikuwa wanaingia Tanganyika, Waingereza walikuwa wameshika shingo ya Sultani, na Wabelgiji walikuwa wanapanda mto. Alitaka kubaki na kitu.

Huko Kongo hakubaki na kingi. Baadaye Stanley alimfungulia kesi Zanzibar kuhusu msafara waliokuwa wamekubaliana kuufanya pamoja, kesi ambayo mwishowe iliachwa. Tippu Tip alirudi Unguja mwaka 1891. Mwaka uliofuata vita ikazuka Kongo kati ya Wabelgiji na wafanyabiashara wa pwani. Kasongo, mji wake mkuu Maniema, ukatekwa mwaka 1893, na mwanawe Sefu akauawa. Milki ikaisha ndani ya miaka miwili, na Waafrika wa Kongo wakaingia chini ya bwana mwingine, ambaye utawala wake wa mpira na viboko ulikuwa janga kubwa zaidi.

Kwa hiyo nyumba ya Shangani ni nyumba ya uzee. Hapo alikaa mwenye mashamba: inasimuliwa kwamba mwaka 1895 alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limekwisha fungwa tangu 1873, lakini kumiliki watumwa Zanzibar kulikuwa halali mpaka amri ya Aprili 1897, na hata baada ya amri mtu alilazimika kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake. Wenye watumwa walilipwa fidia. Waliokuwa watumwa hawakulipwa. Tippu Tip akafariki mjini Unguja Juni 1905.

Baada ya Mapinduzi

Sasa turudi kwa wanaokaa humo. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliubadilisha Mji Mkongwe kwa kasi. Wenye nyumba wengi, Waarabu na Wahindi, walihama au kufukuzwa, wengine wakauawa. Nyumba zikataifishwa, na familia zilizotoka Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mji, mashamba na Pemba zikapewa vyumba. Nyumba ya Tippu Tip nayo ikagawanywa ikawa makazi ya familia kadhaa. Mara nyingi watu husimulia mabadiliko haya kama uharibifu tu. Mimi naona pia haki ndani yake. Watu ambao babu zao wangeingia nyumba kama ile kwa mlango wa nyuma, wakiwa na mizigo kichwani, walipewa funguo.

Tatizo ni kwamba walipewa funguo bila fedha za matengenezo. Nyumba iliyojengwa kwa kaya moja ikawa na majiko mengi na bafu nyingi. Kodi ya serikali ilikuwa ndogo, na ukarabati ukawa mdogo kama kodi. Ukuta wa matumbawe hauliwi na risasi, unaliwa na maji: paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta, chokaa hulegea, ncha za boriti huoza palepale zilipochomekwa, na ghorofa hukaa juu ya hewa. Wapangaji wengi walijaribu kujisaidia kwa saruji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani. Saruji ni ngumu mno kwa ukuta ule. Chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, na baada ya miaka kadhaa lipu humomonyoka vipande vipande pamoja na jiwe lililo nyuma yake.

Mamlaka ya Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash, ilianguka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Kama jumba maarufu kuliko yote limeanguka, nyumba ya wapangaji nani ataiwahi?

Linganisha na jengo la Tharia Topan, mkopeshaji wetu, lililopo Mizingani ukielekea bandarini. Jiwe la msingi aliliweka mwaka 1887, akafa 1891 kabla halijaisha. Baadaye likawa zahanati, likachakaa vibaya, na katika miaka ya 1990 likakarabatiwa na taasisi ya Aga Khan. Leo roshani zake za mbao zinapendeza. Jamii yake iliendelea kuwa na uwezo, ikalikumbuka. Nyumba ya aliyekopa haina mwenyewe wa namna hiyo.

Itunzwe kwa masharti gani?

Jibu langu kwa swali la tatu ni ndiyo, itunzwe. Lakini isitunzwe kwa heshima ya Tippu Tip. Itunzwe kwa sababu ni moja ya vitu vichache vinavyoonekana kwa macho vya biashara iliyowala watu kutoka Uzaramo hadi Lualaba. Ikibomoka, atabaki yeye kwenye vitabu, nao watapotea kabisa, kwa kuwa wao hawakuachiwa hata nafasi ya kuandika.

Kibao kitakachowekwa pale kisiishie kwenye jina lake na miaka yake. Kitaje Mkamba. Kitaje Utetela na dada zake Kasongo Rushie. Kitaje mali kauli, merikani na viwanda vya piano, ili mgeni kutoka Connecticut ajue kwamba naye ana sehemu yake katika ukuta ule. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa.

Wanaoishi humo pia wasiondolewe kwa kisingizio cha urithi. Kumekuwa na majengo mengi Mji Mkongwe ambayo yalitengenezwa yakawa hoteli, na waliokuwa wakikaa humo hawakurudi. Nyumba hii imeshawahi kuwanufaisha wachache kwa hasara ya wengi, na isirudishwe huko. Familia zikae, ziwe na mkataba unaoeleweka, na zipewe fundi.

Na fundi aanze juu: paa kwanza, mifereji ya maji pili, boriti zilizooza zibadilishwe moja moja, saruji ibanduliwe, chokaa irudi. Vijana wa Zanzibar wafunzwe kazi hiyo wakati mafundi wazee wa chokaa bado wako hai. Paa lisingojee mpango mkubwa. Liezekwe sasa, kabla ya masika.